Zaburi ya 91 Mdomoni mwa Duara



Wapendwa wasomaji wetu, Dominika ya Neno la Mungu, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka kwa barua yake ya tarehe 30 Septemba 2019 ili Kanisa zima liiadhimishe kila Dominika ya Tatu ya Mwaka, huadhimishwa parokiani kwetu kwa shangwe ya Kisukuma. Biblia huingia kanisani ikiwa ndani ya ungo uliofunikwa kitenge kipya, imebebwa kichwani na mama mmoja wa WAWATA, na mbele yake vijana hucheza kama wachezavyo wakati wa mavuno. Vigelegele hupanda mpaka kwenye mabati. Padri husubiri altareni, na wala hatuoni vibaya kusubiri, kwa maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kuyaheshimu Maandiko Matakatifu kwa heshima inayofanana na ile tuutoleayo Mwili wa Bwana.

Jumatatu iliyofuata mojawapo ya Dominika hizo, alikuja ofisini kijana mmoja mchimbaji. Tulimfahamu kwa sura. Alikuwa mmoja wa wale wanaosimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ambao viatu vyao huacha vumbi jekundu sakafuni. Mkononi alishika Agano Jipya dogo, la aina ile yenye Zaburi mwishoni, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Alituomba maji ya baraka. Tulipoinua mkono ili tumnyunyizie, alisogea kando, akakinyosha kitabu.

"Si mimi, Baba Paroko. Ni hiki."

Alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba Zaburi ya 91 ikifukiwa mdomoni mwa duara, duara haliporomoki na mali haikimbii. Tulimwuliza kama ameisoma hiyo Zaburi. Akajibu kwa unyofu ambao hatujausahau: "Sijaisoma, Baba. Lakini nimeukunja ukurasa wake, upo juu."

Tunaungama mbele yenu kwamba tulinyunyiza. Kwenye benchi walikuwapo watu wengine sita, wenye vyeti vya ubatizo na wenye mashauri ya ndoa, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Tukasema sala fupi, kijana akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Jioni ndipo moyo ulipoanza kutusumbua.

Wasomaji walio mbali watuvumilie tuwaeleze kidogo, maana katika nchi hii swali la nini kimefukiwa mdomoni mwa duara si swali jepesi. Parokia yetu iko upande wa barabara itokayo Kahama kwenda Geita kupitia Kakola. Migodi mikubwa mnaisikia kwenye habari: wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi ulianza mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Hata hivyo sehemu kubwa ya waamini wetu hawapiti kwenye mageti ya migodi hiyo. Wao ni wachimbaji wadogo. Hushuka kwa kamba katika mashimo waliyoyachimba wenyewe, wakishikilia udongo kwa matimba ya miti. Hupandisha mawe kwa viroba, hupeleka karasha, kisha mwaloni, na mwisho hushika zebaki kwa mikono mitupu. Watu wawili waweza kuchimba maduara yaliyoachana hatua ishirini. La huyu likatema, akanunua pikipiki na kujenga. La yule likanyamaza mwaka mzima, likala ng'ombe wa babaye mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa jasho. Basi yule aliyenyimwa hutafuta sababu, na katika nchi yetu hawakosekani watu wa kumwuzia sababu.

Kuanzia mwaka 2007 hivi, sababu hizo zilinunuliwa kwa damu. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na wa samaki. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alibubujikwa na machozi bungeni alipokuwa akilizungumzia jambo hilo. Mwezi Machi mwaka huo huo Serikali iliwaita wananchi wapige kura ya siri ya kuwataja wahusika. Na mwezi Septemba, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Shinyanga mjini, kituo cha Buhangija kikajaa watoto waliotolewa makwao ili wasije wakauawa. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Sisi tulizisoma habari hizo zote, tukatangaza novena, tukalaani mimbarini. Ni lazima tuseme pia kwamba wengi miongoni mwa waliowaendea waganga hao walikuwa wamebatizwa, na katika nyumba zao Biblia haikukosekana.

Hatusemi kwamba kijana wa Jumatatu ni ndugu wa wauaji. Hasha. Alikuwa mtu mpole, na aliikimbia njia ya mganga akaja kwetu. Kilichotusumbua ni kwamba alitukuta tumekaa mahali pale pale pa mganga, tukampa kitu cha kufukia.

Hapo ndipo tunapotaka kuwapeleka juma hili. Twajiuliza mara nyingi kama Wakristo wetu wanaipenda Biblia. Wanaipenda sana! Wanaibusu, wanaicheza, wanailaza chini ya mto wa mtoto mwenye degedege. Swali gumu ni jingine: je, tunaliruhusu Neno lituambie jambo ambalo hatukulijia?

Tuwasimulie habari ya kigango chetu kimoja. Miaka kadhaa kabla ya hayo, tulimzika huko bibi mmoja aliyekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba yake. Wasomaji wa Shinyanga hawahitaji kuelezwa zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya kila mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa; watu walikwenda kupiga ramli; ramli ikawa chonganishi kama kawaida yake. Katika Misa ya mazishi tulihubiri juu ya ufufuko wa wafu. Yalikuwa mahubiri sahihi, na yalimfaa kila mtu pale, hata wale waliojua nani aliwalipa wakata mapanga. Hakuna aliyetoka amekasirika. Tangu hapo tumeogopa kidogo mahubiri yasiyomkasirisha mtu.

Miaka ikapita, na maneno yale yale yakaanza tena katika kigango kile juu ya bibi mwingine. Naye alikuwa mjane, naye anaishi na mjukuu mmoja. Safari hii katekista alituletea habari mapema, kabla panga halijanolewa, tukaenda siku ya Jumatano bila kutangaza. Tulikuta wazee wameketi chini ya mwembe pamoja na viongozi wa jumuiya. Mmoja wao, mtu anayeheshimika, msomaji mzuri wa masomo ya Misa, alisimama na Biblia yake. Akatusomea Kutoka, sura ya 22, aya ya 18, ile inayoamuru kwamba mwanamke mchawi asiachwe aishi. Akaifunga Biblia. "Baba Paroko," akasema, "hili si la waganga. Hili ni la Mungu mwenyewe. Tufanyeje nalo?"

Wapendwa, tunawaambia ukweli kwamba moyo ulitudunda. Tulisoma seminarini miaka mingi, lakini vitabu vilikuwa mbali, na bibi yule alikuwa karibu, nyumba ya tatu kutoka kwenye mwembe. Tulifikiri kwanza kueleza mambo ya Agano la Kale na Agano Jipya, kwamba Kristo ameikamilisha Torati, na yote hayo ni kweli. Lakini tuliona wangetuitikia kwa adabu na kuendelea na shauri lao. Basi tukamwomba mzee yule jambo dogo: afungue tena mahali pale pale, asome mbele.

Akasoma. Aya ya 19, aya ya 20. Aya ya 21 inakataza kumwonea mgeni, kwa kuwa Israeli wenyewe walikuwa wageni Misri. Kisha akaifikia aya ya 22, sauti yake ikapungua. Inakataza kumtesa mjane wala yatima, mjane awaye yote, yatima awaye yote. Mbili zinazofuata ndizo zenye kutisha: Mungu anasema kwamba wakimlilia atawasikia, na hasira yake itawaka, na watu hao watauawa kwa upanga, wake zao wawe wajane na watoto wao yatima. Tukamwomba airudie. Akairudia. Chini ya mwembe hakukuwa na sauti ila ya kuku.

Tukauliza: "Hapa kijijini, mjane ni nani? Na yule mjukuu tumwite nani?" Hakuna aliyejibu, kwa kuwa kila mtu alikuwa amekwisha kujibu.

Baadaye, tukiwa na nafasi, tuliwaeleza na mengine. Tuliwaonyesha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, ambapo Mungu anakataza kupiga ramli na kuwaendea wapiga ramli, na anaita jambo hilo chukizo. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mtu anayesimama na aya ya Kutoka mkononi, huku jina la mchawi amelipata kwa mpiga ramli, amekwisha kuivunja Torati kabla hajaanza kuitekeleza. Tuliwaonyesha tena sura ya 19 ya kitabu hicho, inayodai mashahidi wawili au watatu. Nani alishuhudia? Alishuhudia nini? Macho mekundu ni ushahidi wa moshi. Aidha tuliwakumbusha ya Yohane sura ya 8, jinsi watu walivyomleta mwanamke mbele ya Bwana wakiwa na aya sahihi na mawe tayari, na jinsi walivyoondoka, wakianzia wazee.

Sasa, huenda mmoja wenu akauliza: Je, Padri, hamkucheza tu mchezo wa aya dhidi ya aya? Swali hilo ni la haki. Hata Shetani aliucheza mchezo huo, na tutarudi kwake hivi punde. Mafundisho ya Kanisa ni haya. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso ulitoa hati iitwayo Dei Verbum, yaani Neno la Mungu, na katika namba yake ya 12 ukatufundisha kwamba Mungu alisema kwa njia ya wanadamu na kwa namna ya kibinadamu. Kwa hiyo msomaji sharti atafute mwandishi alikusudia nini, aliandika kwa mtindo gani wa wakati wake, iwe ni sheria, wimbo, unabii au masimulizi. Na zaidi ya hayo, ayasome Maandiko yote kama kitu kimoja, ndani ya Mapokeo hai ya Kanisa zima, katika Roho yule yule aliyeyaandika. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ilionya kwa maneno makali juu ya usomaji unaoshika herufi na kukataa kufikiri. Aya ya 18 iliandikwa kwa ajili ya taifa changa lililozungukwa na miungu mingine, likikatazwa kumwacha Mungu wake na kuitegemea nguvu ya uganga. Anayeitumia leo ili kuutii uganga ameigeuza miguu juu kichwa chini. Si kwamba tuna aya yetu nzuri dhidi ya aya yao mbaya. Sura nzima yatoka kwa Mungu mmoja, na Mungu huyo anajulikana kwa upande anaousimamia.

Na tusidhani kwamba elimu hii ni ya Roma peke yake. Msukuma yeyote aliyelelewa na bibi anajua kwamba methali haishikwi kwa herufi zake. Ukimtegea mtoto kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, haendi kutafuta fundi. Anajua ni yai. Hayati Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliliona hilo kule Bujora, alipokusanya nyimbo, ngoma na vitu vya kale vya Wasukuma na kujenga kanisa linalozungumza nao kwa alama wanazozijua. Padri Donald Sybertz wa Maryknoll, naye, alikaa miaka mingi Ndoleleji akikusanya methali na hadithi pamoja na wazee. Pamoja na mwenzake Padri Joseph Healey walitoa mwaka 1996 kitabu kizima juu ya teolojia ya masimulizi ya Kiafrika. Watu wetu wanajua kusoma maana iliyojificha. Tatizo ni kwamba wakiishika Biblia, akili hiyo wanaiweka kando kwa heshima, kana kwamba Mungu hakuweza kusema kama anavyosema mzee mwenye hekima. Tunakiri pia kwamba sisi mapadri tumechangia: kwa muda mrefu waamini walizoea kuiona Biblia mikononi mwa Padri kuliko mikononi mwao.

Turudi kwa Shetani, kama tulivyoahidi, na kwa kijana wetu. Baada ya kumnyunyizia kitabu chake tulikosa raha, na Jumamosi tukamfuata machimboni. Wakati wa mapumziko wachimbaji walikuwa wameketi kwenye kivuli cha turubai, wanakula ugali na dagaa. Walitukaribisha kwa "Mwadila!", tukala nao. Ndipo tukamwomba kijana alete kitabu chake. Alisitasita, akaenda kukifukua.

Tulisoma Zaburi ya 91 yote, na ni Zaburi nzuri mno; tunaisali wenyewe katika Sala ya Usiku ya Dominika. Kisha tukafungua Mathayo, sura ya 4. Bwana yuko juu ya kinara cha Hekalu, na Shetani anamwambia ajitupe chini. Na Shetani anaitegemeza hoja yake kwa Maandiko. Anaitumia ipi? Zaburi hii hii ya 91, mahali pale panaposemwa juu ya malaika wanaoagizwa kumlinda mtu mguu wake usidhurike. Wachimbaji wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe naye anaijua!" Anaijua. Bwana wetu hakukana kwamba Zaburi ni ya kweli. Alikataa kuitumia kumjaribu Mungu, naye akajibu kutoka Kumbukumbu la Torati. Tukawauliza: yule anayeshuka kwenye duara lisilo na matimba ya kutosha, kwa sababu mwenye duara amebana fedha na Zaburi imefukiwa mlangoni, je, amemtumaini Mungu au amejitupa kutoka kinarani?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Wote pale waliyakumbuka ya Nyangalata, kule kwetu Kahama, ambako mwezi Oktoba 2015 duara liliwafunika wachimbaji, na mwezi Novemba watu 5 wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wamekula mizizi na wadudu. Mwenzao mmoja alikwisha kufariki humo humo gizani. Tuliposikia habari ile tulimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini hatutathubutu kamwe kumwambia mama wa yule mmoja kwamba mwanawe hakuwa na Zaburi.

Mzee mmoja wa duara, mwenye vidole viwili vilivyobaki mkono wa kushoto, alikuwa kimya muda wote. Akauliza kama Biblia inawajua watu kama wao, au inawajua wakulima na wavuvi tu. Hapo tulifurahi, kwa sababu jibu tulikuwa nalo mfukoni. Tukatoa Biblia yetu, tukawasomea kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Inaeleza juu ya mgodi wa fedha na mahali pa dhahabu, watu wanaotoboa giza mpaka mwisho wake, wanaochimba shimo mbali na makao ya watu, wanaoning'inia na kuyumbayumba mahali pasipokanyagwa na mguu. Tulikuwa tumeihubiri sura hiyo mara mbili tatu maishani, kwa ajili ya mwisho wake mzuri unaosema juu ya hekima. Hatukuwahi kuuelewa mwanzo wake. Mzee yule alitueleza: kuning'inia ni pale kamba inapozunguka yenyewe, kichwa kikapata kizunguzungu, na taa ya kichwani inauonyesha ukuta ule ule mara tano. "Huyu aliyeandika," akasema, "ama alishuka, ama alimsikiliza aliyeshuka." Hakuna profesa aliyetufundisha zaidi juu ya aya zile.

Na sura ile, baada ya kuwasifia wachimbaji kwa ujasiri wao, inauliza hekima inapatikana wapi, na inasema kwamba haipimwi kwa dhahabu. Mwishowe yasema kwamba kumcha Bwana ndiyo hekima, na kujitenga na uovu ndio ufahamu. Mazungumzo yakawa marefu kuliko mapumziko. Kujitenga na uovu, hapa machimboni, ni nini? Hatukuwa na haja ya kuhubiri, walijitajia wenyewe. Mizani ya mnunuzi inayolala upande mmoja, jambo alilolikemea nabii Amosi katika sura yake ya 8. Mgawo wa mchimbaji unaopunjwa viroba viwili kwa kisingizio cha mafuta ya karasha, wakati Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Zebaki inayochomwa jikoni mtoto akiwa mgongoni. Mmoja alitaja matimba, na mwenye duara, aliyekuwapo, akatazama pembeni. Sisi nasi tulitazama pembeni, kwa kuwa mwenye duara huyo ndiye aliyetuchangia mifuko ya saruji ya nyumba ya masista.

Kitabu kile kidogo hakikurudi shimoni siku hiyo. Kijana alikitia mfuko wa shati. Hatujui anakisoma mara ngapi, wala hatukumwuliza. Matimba yaliongezwa wiki mbili baadaye, na huenda yangeongezwa hata kama tusingefika.

Kuhusu bibi wa kule kigangoni, jumuiya iliamua kufanya mikutano yake ya juma nyumbani kwake kwa mwezi mzima. Wazo hilo lilitoka kwa akina mama, si kwetu. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa njia yetu ya kichungaji katika miaka ya 1973 na 1976, sidhani walizifikiria kama ukuta wa kumzunguka mjane. Lakini mpiga panga huogopa nyumba inayoingiwa na watu. Vijana walimjengea jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, na wakatoboa dirisha. Macho ya bibi bado ni mekundu. Mganga wa zahanati anasema hayatarudi kuwa meupe tena, ila hayamwumi kama zamani.

Tulihudhuria mkutano wa tatu. Walikuwa wamekubaliana kuendelea kuisoma Kutoka sura ya 22 kidogo kidogo, wasiiruke. Bibi hajui kusoma, hivyo mjukuu wake wa darasa la tano ndiye aliyesoma, kwa kidole, akisimama kwenye kila nukta. Siku hiyo zilikuwa aya ya 26 na ya 27: ukitwaa vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa maana ndilo analojifunikia, na atalalia nini? Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la kushirikisha. Kulikuwa kimya. Jua lilikuwa limefika kwenye miti ya migunga.

Yule mzee msomaji, aliyetusomea aya ya 18 chini ya mwembe, alisimama. Tulidhani anataka kusema. Alichukua kofia yake, akatoka kabla ya sala ya mwisho, bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, tukirudi parokiani, tuliiona baiskeli yake nyeusi, ile aliyoishika tangu msimu wa pamba kwa deni la shilingi elfu arobaini, imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake. Mwenyewe alikuwa anakuja barabarani kwa miguu, jembe begani. Tukasimamisha gari tumsalimu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mzee."

"Milele amina, Baba Paroko. Juma lijalo tunaanza sura ya 23."